Mkono Unaomenya Viazi

Iko siku moja ambayo kichwa changu kimeanza kuisahau, lakini mkono wangu wa kushoto bado unaikumbuka vizuri. Nikiuzamisha kwenye maji ya moto asubuhi ya baridi, yote yanarudi: matope ya zizini, pumzi ya ng'ombe, na mama mkwe wangu amesimama na kopo la mafuta ya kupikia kana kwamba anataka kukaanga kitu. Nitakusimulia, mwanangu, kwa sababu juzi nilikuona.

Ulidhani sikukuona. Ulipopewa sahani ya mukimo uliipokea kwa mkono wa kushoto, kisha ukashtuka, ukaihamishia kulia haraka kama mtu aliyeshika mali ya wenyewe. Ukatazama huku na huku. Mimi nilikuwa pale kwenye kona, nilipo siku zote penye chakula, na nikacheka moyoni, kisha nikaacha kucheka.

Maana mimi pia ni wa upande huo. Tuseme nusu nusu. Kalamu nashika kulia, kwa sababu mwalimu wangu wa darasa la kwanza alikuwa na rula. Kijiko ni kulia, kwa sababu nyanya yangu alikuwa na jicho. Kisu, jembe, panga, sindano, na kiatu cha kumrushia paka ni kushoto, kwa sababu hapo hakuna aliyekuwa akiangalia. Mswaki hubadilika kulingana na jino. Na hii simu mliyoninunulia naibonyeza kwa mikono yote miwili, na yote miwili inakosea.

Usidhani ninakusimulia mambo makubwa ya mtu aliyezunguka dunia. Nilizaliwa Gatitu, nikaolewa Mweiga, na katikati nilipita Nyeri mjini kununua viatu vya harusi. Hizo ndizo safari zangu. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na katika yote niliyofundishwa kuhusu mwili wa binadamu nimebaki na moja tu, kwamba moyo umeegemea kushoto. Nililishika hilo kwa sababu lilinifurahisha. Hakuna aliyemchapa Mungu rula.

Siku nilipokuwa naondoka kwenda kwa mume, nyanya yangu aliniita kando ya tangi la maji akanishika vidole vya kushoto. Akaniambia taratibu kwamba huko ninakokwenda ni kwa watu, na mkono huo niuache Gatitu. Alisema kama mtu anayekukumbusha kuacha mwavuli. Sikumcheka. Unajua jina lenyewe linavyotuhukumu, mwanangu: mkono wa kulia, maana yake mkono wa kula nao. Kwa Kikuyu ni vilevile. Mmoja umepewa kazi hadi kwenye jina lake, na huu wa pili ukabaki kuitwa kushoto tu, kama mtu aliyekuja kwenye sherehe na hakuna anayejua amealikwa na nani.

Basi nikafika Mweiga, na mkono wangu wa kushoto nikautia katika mfuko wa aproni.

Mama mkwe wangu nilimwita Maitu, yaani mama. Alikuwa mfupi, mwenye gambuti, vile viatu vya mpira vya matope, kubwa kuliko miguu yake, na alikuwa anaongea na ng'ombe kuliko watu. Mume wangu, Muriuki, alifanya kazi mjini na kurudi Jumamosi, kwa hiyo wiki nzima tulikuwa wawili, mimi na Maitu, na wa tatu ni Kahawa. Kahawa ndiye aliyekuwa ng'ombe wa boma lile, na hakukuwa na mwingine. Aliitwa hivyo kwa rangi yake. Chai yetu ilitoka kwake, mbolea ya viazi ilitoka kwake, na Maitu akitaka kumlalamikia mtu kuhusu baridi ya milima ya Aberdare, alimlalamikia yeye.

Mimi nilikuwa wa kusikitisha. Nilimenya viazi kwa mkono wa kulia, na maganda yakatoka manene hata kiazi kikabaki kama gololi. Yale maganda yalienda kwa Kahawa, naye akanenepa waziwazi tangu nilipoolewa. Napia, yale majani ya Kahawa, niliikata kama mtu anayeibembeleza. Uji nikimimina, nusu unaingia kikombeni na nusu unamsalimia mgeni. Maitu alinitazama tu, kichwa kimeinama upande, kisha akanipa jina: Mtu wa Lami. Kwa sababu nimetoka karibu na mji, ati huko tunamenya viazi kwa kuvitazama. Jina likafika kwa majirani kabla yangu.

Nilikubali. Hapo ndipo ningetaka usikie vizuri, mwanangu. Nilikubali kujulikana kama mvivu, kwa sababu mvivu ni mtu wa kawaida, kila boma lina wake. Lakini bibi arusi wa mkono wa kushoto, nilifikiri, atarudishwa Gatitu na sanduku lake.

Siku ya soko ilikuwa siku yangu. Maitu akishuka tu barabarani na kikapu chake, mkono unatoka mfukoni kama mfungwa aliyeachiliwa. Maganda yakawa membamba unaweza kusomea gazeti. Napia ilikatwa ikalala chini kwa mistari. Nilikuwa hata naimba. Akirudi jioni ananikuta nimekaa, aproni safi, mkono ndani. Nilijiona mjanja sana.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa msimu wa mvua ndefu na barabara yote ilikuwa uji. Kahawa alianza uchungu kabla ya kupambazuka, na jua lilipotoka bado alikuwa anahangaika. Miguu miwili ya ndama ilikuwa imeonekana, kwato zimetazama chini, ndiyo miguu ya mbele. Lakini pua haikuwepo. Ndama hutoka kama mtu anayejirusha mtoni, miguu mbele na kichwa kati yake. Huyu alikuwa na miguu bila kichwa.

Maitu alimtuma mtu amtafute daktari wa mifugo. Jibu lilirudi kwamba ameitwa ng'ambo ya mto na hakuna gari linalopita. Ndipo akaja jirani yetu, Baba Karanja, ambaye amevuta ndama wengi upande ule. Alikuwa mtu mkubwa mwenye mikono kama magogo, na tatizo likawa ndilo hilo. Mkono wake ulifika kwenye kifundo ukakataa kuendelea. Kahawa aliguna, na Baba Karanja akautoa akiomba msamaha, sijui anamwomba nani.

Maitu akajipaka mafuta mpaka kiwikoni akaingiza wake. Alifumba macho. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza redio ya jirani. Akasema kichwa kipo, lakini kimegeuka nyuma, kimelala kwenye mbavu, upande wa kulia wa mama. Akajaribu kukishika. Hakikushikika. Akajaribu tena, na jasho likamtoka katika baridi ile.

Hebu fanya kitu, mwanangu, ukiwa hapo ulipo. Nyosha mkono wako wa kulia mbele kama unayetaka kusalimia. Kiganja kinatazama wapi? Kinatazama kushoto. Na yule ndama alikuwa amelalia kulia. Kila mara mkono wa Maitu ulipofika, ulimfikia kwa mgongo. Ulimgusa lakini haukuweza kumkumbatia. Alijaribu wake wa kushoto pia, akautoa upesi. Ule haukuwa umefundishwa kitu chochote maisha yake yote. Ulikuwa kama wa mtoto, hauna nguvu na haujui unagusa nini.

Kahawa alilala, akasimama, akalala tena. Ile miguu midogo ilikuwa imeanza kupoa. Baba Karanja akasema kwa sauti ya chini kwamba labda sasa tumfikirie mama, na kila mtu akajua maana yake ni nini. Ndama akatwe ndani, kama tutapata wa kumkata. Na kama hatutapata, wataenda wote wawili.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa zizi na karai la maji, mkono wa kushoto mfukoni.

Maitu hakugeuka. Alinawa, akafuta mikono kwenye gunia, akasema, "Wewe Mtu wa Lami. Leta huo mkono unaomenya viazi nikiwa sokoni."

Nikasema, "Upi, Maitu?"

"Kwani uko na mingapi?"

Baba Karanja alianza kusema kwamba msichana huyu hata maji yanamshinda. Maitu akamwambia ashike mkia.

Alinipaka mafuta yeye mwenyewe, kuanzia kwenye kucha kwenda juu, polepole, kama mtu anayemvalisha mtoto sweta. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kuushika mkono ule bila kuutoa mahali ulipo. Akaniambia nisivute. Nisukume kwanza, na nisukume uchungu ukipita, kwa sababu uchungu ukiwepo Kahawa ana nguvu kuliko sisi wote. Kisha akasogea.

Mwanangu, sina maneno ya pale ndani. Nimekaa kanisani miaka yote hii, nimeimba kwaya, nimesinzia kwenye mahubiri mazuri, na sijawahi kuingia mahali penye utakatifu kama pale. Palikuwa na joto na giza na hapakuwa na nafasi ya uongo wowote. Uchungu ulipokuja, ng'ombe aliubana mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi, na nikalia kidogo, nikidhani mfupa umeenda. Ukapita. Nikasukuma kifua cha ndama kurudi nyuma, kidogo tu. Kisha nikaifuata shingo.

Na mkono ulijua. Mimi sikujua, nakuambia kweli. Mimi nilikuwa nimebaki nje, shavu limebanwa kwenye paja la ng'ombe, nikitazama ukuta wa mbao. Mkono ulienda peke yake. Uligusa kitu kama jani nene lililolowa, nikajua ni sikio. Ukashuka, ukapata shimo la jicho, na jicho likapepesa chini ya kidole changu. Kiganja kilikuwa kinatazama kulia, kama vile kilivyoumbwa kutazama, na kile kichwa kililala ndani yake kama kiazi ninachokijua. Nikateremka puani. Nikafika mdomoni, na kidole kimoja kikateleza kikaingia.

Nikasimamisha mkono. Maitu akaniuliza ni nini. Akaniuliza tena.

"Ananyonya," nikasema. "Maitu, ananyonya kidole changu."

Baba Karanja alikuwa ameshika mkia kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine alivua kofia. Nje ukungu ulikuwa unapanda kutoka mashambani, na nasikia kuku wa jirani hata sasa. Fikiria, mwanangu. Kiumbe ambaye hajaona siku hata moja, hajui jua wala majani, yuko gizani amekwama, tumeshaanza kumzungumzia kama nyama. Na kitu cha kwanza cha dunia hii kilichomfikia ni mkono wangu wa kushoto, na yeye hakuuliza ni upi. Aliupokea kama chakula.

Yaliyobaki yalienda haraka. Maitu aliniambia nifunike pua na meno kwa kiganja, yasimkwaruze mama, na nikilete kichwa kwa mzunguko. Nikakileta. Kilikuja kikakaa kati ya miguu kama kilivyotakiwa tangu mwanzo. Baba Karanja hatimaye alipata kazi ya kulingana na mikono yake, akafunga kamba, akavuta kila uchungu ulipokuja, na ndama akateremka juu ya magunia na mvuke ukimtoka mwilini. Maitu alimtia unyasi puani. Akapiga chafya. Alikuwa jike. Kahawa aligeuka akaanza kumlamba bila hata kututazama, kama mtu ambaye amefanya kila kitu peke yake.

Maitu alinipeleka kwenye tangi, akanimiminia maji, na nikajua sasa maneno yatakuja.

Alisema kwa upole, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Alisema alijua tangu zamani. Siku za kawaida maganda ya viazi yalikuwa manene, na siku za soko yalikuwa membamba na yamejikunja upande usio wetu. Akajua kuna mtu mwingine jikoni kwake. Alikuwa anangoja aje amwamkie.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mwenye mkono ni mimi.

"Miezi yote hii umenipa mgeni anifanyie kazi," akasema, "na mwenyeji umemficha mfukoni. Kabla sijaona maganda, nilishamwambia Muriuki ameoa mvivu. Nilimwambia mwanangu maneno hayo kwa mdomo huu. Sasa nani atayarudisha?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilidhani ninapojificha, ninajinyima mimi tu. Kumbe nilikuwa nimemfanya mama wa watu kuwa mwongo bila yeye kujua, na Kahawa karibu tungemzika huku mkono wa kumwokoa umesimama mlangoni, ndani ya mfuko.

Nikamwambia nilichoambiwa Gatitu, kwamba huu si mkono wa kula. Maitu alinishika vidole, vilikuwa bado vimevimba, akavitazama kama vitu vya bei. Akasema, "Si yule ndama amekula kwa huo leo? Basi huo ndio wa kulia."

Akachukua kopo akaenda zake kumwambia Kahawa.

Tulimwita yule ndama Kulia. Watu walituuliza ni jina gani hilo la msiba, na Baba Karanja akawa anawaeleza kwa urefu, na kila mwaka katika maelezo yake alikuwa amevuta zaidi. Tulipokuwa tunamfundisha ndama kunywa kwenye ndoo, akitiwa vidole vya kulia mdomoni alivitema. Alitaka vya kushoto. Alipokuwa ng'ombe mzima nilimkamua nikiwa nimekaa upande wangu, na hakuna aliyesema kitu. Huyo unayemsikia sasa hivi akipiga mlango kwa pembe ni wa uzao wake, na ana tabia zake zote mbaya.

Nyanya yangu hakuwa mtu mbaya, usije ukamwona hivyo. Alitaka nipendwe. Maitu naye hakunifundisha kukosa adabu. Siku ile ile jioni, mimi nikiwa nimeshaanza kujisikia, nilimpa Baba Karanja kikombe cha chai kwa kushoto, mbele ya watu, kifua mbele. Maitu alinikanyaga mguu kwa ile gambuti. Baadaye akaniambia jikoni kwamba mgeni anapewa kwa mikono miwili. Ikija yote miwili, hakuna atakayeuliza ni upi uliotangulia, na hata chai haimwagiki.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu, na si ndefu kwa sababu viazi vinaningoja. Hiyo mikono yako imeshagawana kazi kabla wewe hujaulizwa. Mmoja unaandika, mwingine unakata na kufunga kamba, na haikupigana. Iache. Watu wakikuheshimu, nawe waheshimu, mpe mtu kitu kwa mikono yote miwili na umtazame usoni. Lakini usimenye maganda manene ili tu ufanane na wengine. Usikubali kuitwa mvivu, au mjinga, au mzito, kwa kazi iliyofanywa na mkono ambao si wake. Ukifika kwa watu, iwe ni kwa mume, kwa mke, au kwenye hizo ofisi zenu za mjini, mtoe mwenyeji mapema, mtambulishe, wamzoee. Huwezi kujua ni siku gani kichwa cha mtu kitakuwa kimegeukia upande ambao ni wewe tu unaweza kuufikia, na siku hiyo hakuna wakati wa kumtafuta mfukoni.

Na juzi, ulipohamisha ile sahani, nilitamani ningekuwa na gambuti.

Nenda salama. Mungu aliyekuumba na pande mbili asikupunguzie hata upande mmoja. Ushike, upate. Umfikie aliyekwama. Na yeyote atakayekula kutoka mikononi mwako ashibe, asikumbuke kuuliza ulikuwa upi.